Safari ya Moshi wa Gari na Kazi ya Masega

Petroli inapoungua ndani ya silinda za injini haipotei. Kaboni na haidrojeni zilizomo huungana na oksijeni ya hewa, na kutoa kaboni dioksidi na mvuke wa maji. Kama uunguaji huo ungekuwa kamili, vitu hivyo viwili, pamoja na nitrojeni iliyoingia na hewa, ndivyo tu vingetoka katika bomba la nyuma. Lakini injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hulipa kila pigo la pistoni sekunde 0.01 tu, na muda huo hautoshi.

Kwa hiyo moshi hubeba sumu za namna tatu: kaboni monoksidi, iliyokosa oksijeni ya kuikamilisha, haidrokaboni, yaani masalio ya petroli ambayo hayakuungua, na oksidi za nitrojeni, ambazo huzaliwa na joto kali lenyewe linapoilazimisha nitrojeni kuungana na oksijeni. Katika injini nzima ya petroli, sumu zote tatu kwa pamoja ni kama sehemu 1 tu katika 100 za moshi. Msomaji asidanganywe na uchache huo. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huishika himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Hizo nyingine mbili, zikipigwa na jua, hutengeneza ozoni inayochoma mapafu, kama alivyoonyesha mkemia Arie Haagen-Smit alipochunguza hewa ya Los Angeles katika miaka ya 1950.

Moshi ukitoka katika vali hukusanywa na manifodi, ambayo ni bomba lenye matawi, kisha hupita katika masega, halafu katika sailensa. Kazi ya sailensa ni kupunguza kelele tu. Vyumba vyake huyarudisha mawimbi ya sauti nyuma ili yagongane na kudhoofishana. Haiondoi sumu yoyote.

Masega ndiyo yenye kazi hiyo. Mafundi wetu wameyapa jina zuri, pengine zuri kuliko la wataalamu, kwa maana ndani yake mna kauri iliyotobolewa kama sega la nyuki, yenye matundu yapatayo 60 katika kila sentimita 1 ya mraba. Kuta za matundu hayo hupakwa oksidi ya alumini yenye vinyweleo vingi, na juu yake hutawanywa gramu chache za platinamu, paladiamu na rodiamu. Metali hizo ni vichocheo. Mwanafunzi aliyewahi kutengeneza oksijeni maabarani kwa kutia unga wa dioksidi ya manganisi katika peroksidi ya haidrojeni amekwisha kuona jambo lenyewe: mmenyuko huenda mbio, na unga hubaki vile vile. Katika masega, platinamu na paladiamu hukutanisha juu ya uso wao sumu na oksijeni:

2CO + O₂ → 2CO₂

Rodiamu, kwa upande wake, huinyang'anya nitrojeni oksijeni yake:

2NO + 2CO → N₂ + 2CO₂

Hapa pana ugumu. Mmenyuko wa kwanza hutaka oksijeni, na wa pili huharibika oksijeni ikizidi. Yote miwili hufanikiwa pamoja pale tu injini inapopewa karibu gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Ndiyo sababu hapana budi pawepo kihisi cha oksijeni katika bomba, ambacho huipasha habari kompyuta ya gari ili iongeze au ipunguze petroli mara kwa mara.

Wazo la kichocheo cha moshi si geni. Eugene Houdry, mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani, alipewa hataza yake katika miaka ya 1950, lakini petroli ya siku hizo ilitiwa risasi, na risasi huufunika uso wa metali hizo ukafa. Masega yalienea Marekani kuanzia magari ya mwaka 1975, pamoja na petroli isiyo na risasi. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliafikiana Dakar mwaka 2001 kuiacha petroli yenye risasi, na mwanzoni mwa 2006 zilikuwa zimeiacha.

Kichocheo hiki pia hakifanyi kazi kikiwa baridi. Huanza kuamka karibu na nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi. Dakika ya kwanza baada ya kuwasha gari asubuhi, sumu hupita karibu yote. Kuipasha injini moto ndani ya gereji iliyofungwa kunaweza kuua, hata kama gari ni jipya. Na yakishapata moto, masega huweza kuwasha nyasi kavu chini ya gari lililoegeshwa.

Wako wenye magari wanaoyakata masega na kuunga bomba tupu, ama wayauze kwa ajili ya metali zake za thamani, ama kwa kuamini kwamba injini itapumua vizuri zaidi. Imani hiyo haina uzito, kwani masega mazima huzuia moshi kidogo sana. Yaliyoziba huizuia injini kweli, lakini mara nyingi ugonjwa umeanzia mbele: plagi isiyotoa cheche hupeleka petroli mbichi iunguzwe ndani ya masega, joto likapanda hata kauri ikayeyuka, au ringi za pistoni zilizochakaa hupitisha oili, na majivu yake yakafunika kichocheo. Fundi akiyakata masega na kuiacha plagi mbovu, petroli ile ile itaendelea kupotea, ila sasa itatokea pamoja na kaboni monoksidi yake kando ya barabara, mahali wanafunzi wanaposubiri basi.