Je, Wajua? Kiwewe, Kamba na Mawe

Je, wajua kwamba watu wengi wanaokumbwa na mkasa wa kutisha hawaugui? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 70 kati ya 100 watapambana na jambo la namna hiyo angalau mara moja maishani: ajali, vita, ubakaji, kumwona mtu akiuawa. Kati ya hao, wasiofika 6 kwa 100 ndio hupata ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, ambao madaktari huuita PTSD kwa kifupi. Kwa waliopitia vita au ubakaji, hatari ni kubwa zaidi. Kutetemeka, kukosa usingizi na kuandamwa na jinamizi katika siku za mwanzo si ugonjwa. Daktari huanza kuutaja pale dalili zinapopitiliza mwezi na kumharibia mtu kazi, usingizi na uhusiano wake na watu.

Mwandishi Charles Dickens alinusurika ajali ya treni huko Staplehurst, Uingereza, Juni 9, 1865. Tangu siku hiyo kupanda treni kulimtia hofu asiyoweza kuizuia. Alifariki Juni 9, 1870, miaka mitano kamili baadaye. Ni sadfa tu, ingawa wapenda maajabu hawatakubali.

Dickens alihurumiwa. Askari hawakuwa na bahati hiyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza iliwapiga risasi askari 306 wa jeshi lake na la dola yake kwa makosa kama kutoroka vitani na woga, na baadhi yao walikuwa na dalili ambazo leo zingewapeleka hospitali. Msamaha ulikuja mwaka 2006, wakati hata wajane wao hawakuwapo tena kuupokea. Ugonjwa wenyewe uliingia kwa jina lake la sasa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980 tu, baada ya maveterani wa Vietnam na watetezi wao kuupigania.

Je, wajua kwamba kumbukumbu ya kiwewe ni kama haina tarehe? Ukikumbuka harusi ya dada yako, unajua fika kwamba ilishapita. Aliyenusurika mlipuko akisikia tairi likipasuka, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala hupiga king'ora kana kwamba bomu linalipuka sasa hivi: moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, na yeye mwenyewe huenda asijue kwa nini. Wahenga walisema yaliyopita si ndwele. Kwa mgonjwa huyu ndwele ni yale yale yaliyopita, maana yamekataa kupita. Ndiyo sababu kumwambia "sahau tu" hakumsaidii, na kujitahidi kuyakwepa huyafanya yazidi kumwandama.

Watafiti waliowapima maveterani wa Vietnam wenye ugonjwa huu waligundua kwamba hipokampasi yao, sehemu ya ubongo inayozipa kumbukumbu wakati na mahali, ni ndogo. Wengi wakadhani vita ndivyo vilivyoisinyaza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002 walipimwa pia mapacha wao wa kufanana ambao hawakwenda vitani, na hipokampasi za hao nazo zikakutwa ndogo. Yaelekea kwa baadhi yao udogo ulitangulia vita.

Basi kumbukumbu ya kiwewe inarudishiwaje tarehe yake? Wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walibuni tiba ya masimulizi inayoanza na kamba. Mgonjwa huilaza sakafuni, mwanzo wake ukiwa ni kuzaliwa kwake, kisha huweka ua kwa kila jambo la furaha na jiwe kwa kila la uchungu. Katika vikao vinavyofuata husimulia maisha yake kwa mfuatano. Akifika kwenye jiwe haruhusiwi kulipita haraka: ilikuwa saa ngapi, nani alikuwepo, alisikia nini, mwili ulihisi nini wakati ule, unahisi nini sasa. Mshauri huandika, na kikao kijacho humsomea ili asahihishe. Mwishoni mgonjwa hukabidhiwa maisha yake yakiwa yameandikwa, mawe na maua pamoja.

Tiba hii ilijaribiwa katika kambi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, kwa wakimbizi kutoka Rwanda na Somalia. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walipopimwa tena baada ya tiba, wagonjwa 70 kati ya 100 waliosimulia hivyo hawakuwa tena na ugonjwa. Waliopata ushauri nasaha wa kawaida hawakuwa nyuma sana, 65 kwa 100. Waliofuatiliwa tu bila tiba: 37.

Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, kuna habari inayofanana na hiyo. Wanawake walionusurika ukatili wa kingono walikutana kwa vikundi kupata tiba nyingine ya kiwewe, kwa Kiswahili na lugha nyingine nne za huko, wakiongozwa na wasaidizi Wakongo wenye miaka michache tu ya masomo baada ya shule ya msingi. Wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma, kwa hiyo mazoezi yalirahisishwa yashikike kichwani. Miezi sita baada ya tiba, 9 kati ya 100 ndio waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa. Kwa waliosaidiwa mmoja mmoja bila tiba hiyo, 42. Dalili za kiwewe nazo zilipungua vivyo hivyo, huku usalama vijijini ukiwa bado wa mashaka.

Lakini si kila kusimulia kunaponya. Zamani ilizoeleka kuwakalisha manusura siku chache tu baada ya mkasa, kikao kimoja, waeleze yote. Uchunguzi uliokusanya majaribio mengi ulionyesha kuwa kikao hicho hakizuii ugonjwa, na huenda kikamwumiza mtu zaidi. Siku hizo za mwanzo kinachofaa ni maji, blanketi, simu ya kuwapigia ndugu, na mtu wa kumsikiliza anayetaka kusema bila kumshurutisha.

Na dawa za kutuliza za jamii ya diazepam, zile ambazo jirani mwenye huruma huzichomoa mkobani? Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtu mzima asipewe kwa dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza.