Gacaca: Mkosaji na mwathirika uso kwa uso

Mahakama ya kawaida huuliza kama mshitakiwa amevunja sheria ya nchi. Haki ya maridhiano huuliza zaidi: nani ameumizwa, na mkosaji atafanya nini kurekebisha?

Rwanda ililazimika kuyajibu maswali hayo baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Magereza yalifurika washukiwa wapatao 120,000, huku majaji wengi wakiwa wameuawa au kukimbilia nje.

Ndipo mwaka 2002 serikali ilipoanza majaribio ya Gacaca, iliyotokana na desturi ya wanakijiji kuketi nyasini kusuluhisha migogoro. Waamuzi, walioitwa inyangamugayo, walichaguliwa na wananchi. Wapangaji wakuu wa mauaji walishitakiwa kwingineko, baadhi yao katika mahakama ya Umoja wa Mataifa mjini Arusha.

Aliyekiri, akaeleza yote na kuomba radhi hadharani alipunguziwa adhabu. Wengi walitumikia sehemu ya kifungo kwa kazi za jamii, zikiwamo kujenga barabara na nyumba. Manusura nao walipata jambo ambalo hukumu pekee isingewapa: kuonyeshwa mahali ndugu zao walipotupwa, wakawazika kwa heshima.

Hata hivyo, washitakiwa hawakuwa na mawakili, baadhi ya mashahidi waliuawa, na manusura wengi hawakulipwa fidia.

Gacaca zilifungwa Juni 2012, baada ya kesi zaidi ya milioni 1.9. Sheria ilimtaka mkosaji aombe radhi. Haikumlazimisha aliyefiwa kusamehe.