Samaki Mwerevu na Maji Maangavu

Wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, mtu asimamaye chini ya kuta za Fort Jesus mjini Mombasa huweza kuona mawe na mchanga chini ya maji, na samaki wakipita. Mgeni hudhani kuwa siku hiyo uvuvi ni kazi rahisi. Lakini wavuvi wa Mji wa Kale wajua kuwa mambo ni kinyume: mvuvi amwonapo samaki, samaki naye humwona mvuvi, na kikapu huweza kurudi nyumbani kitupu.

Sababu yake ni hii. Mwanga uingiapo majini hupindika. Kwa hiyo samaki aliye karibu na ukingo humwona mtu aliyesimama pwani, ijapokuwa hayuko juu yake. Tena ubavuni mwake samaki ana mstari wa kuhisi mitikisiko ya maji. Kasia likigonga mtumbwi, habari humfikia upesi.

Basi, mvuvi wa mshipi afanyeje? Kwanza, atumie uzi mwembamba. Zamani mishipi ilikuwa ya pamba, nayo ilionekana wazi majini. Nailoni, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1935, haionekani kwa urahisi. Lakini uzi mwembamba hukatika ukivutwa kwa nguvu; yafaa samaki alegezewe mpaka achoke. Pili, chubwi isiwe nzito kuliko inavyohitajika kushinda mkondo. Tatu, chambo, kama kamba au ngisi, kiwe kibichi, na ndoana ifichwe ndani yake.

Nne, wakati uchaguliwe. Alfajiri na magharibi mwanga ni hafifu, na samaki hupunguza hadhari. Baadhi ya changu hula usiku. Siku za bamvua mkondo huwa na nguvu na huvuta mshipi kando. Siku za maji mafu mshipi hushuka wima, lakini maji huwa maangavu zaidi, na hapo uzi mwembamba ndio wenye kufaa. Tano, mvuvi anyamaze, na jua limkabili usoni ili kivuli chake kianguke nyuma.

Jambo hili si la pwani yetu tu. Katika nchi za baridi kama Finland na Kanada, maziwa huganda wakati wa majira ya baridi, na wavuvi hutoboa barafu ili kuteremsha mishipi yao. Chini ya barafu hakuna mawimbi, na maji huwa maangavu sana. Samaki hukikaribia chambo, hukitazama, kisha hugeuka. Wavuvi wa huko nao hutumia uzi mwembamba na ndoana ndogo, na wengine huziba tundu kwa theluji ili mwanga usiingie.

Wako watu ambao, wakikosa subira, hutumia utupa au baruti. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 yakataza sumu na baruti katika uvuvi, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1986, uvuvi wa namna yoyote hauruhusiwi. Mvuvi wa mshipi akipata samaki mchanga aweza kumrudisha majini akiwa hai. Sumu haichagui, huua wakubwa, wadogo na matumbawe wanamokulia. Mwenye kuitumia leo hujinyima kitoweo cha mwakani, yeye na jirani zake.