Je, Paa Lako Linafaa Sola? Pima Kabla ya Kulipa

Wateja wetu wa Kisii na Nyamira wakiuliza kuhusu sola, mara nyingi hawaanzi na bei. Wanaanza na nyumba. Mmoja ana paa la miteremko minne na hajui paneli itakaa upande gani. Mwingine mabati yake yameliwa na kutu. Mwingine mikaratusi ya jirani inafunika nyumba kuanzia saa tisa. Wote wanataka kujua jambo moja: nikinunua, itafanya kazi?

Ni vizuri kuuliza mapema. Ukishachukua sola ya kulipa pole pole, malipo ya kila siku hayaulizi kama paneli imepata jua. Siku ya kivuli unalipa, siku ya mvua unalipa. Usipolipa, kifaa kinajifunga na nyumba inarudi gizani. Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kupima paa, na kazi hiyo haina gharama.

Paa linatazama wapi?

Tuanze na habari njema. Maelezo mengi ya sola yameandikwa kwa ajili ya Ulaya, na huko wanaambiwa paneli lazima itazame kusini. Hayo ni ya huko. Kisii na Nyamira ziko ndani ya digrii moja tu kusini mwa ikweta. Mwezi Machi na Septemba jua hupita karibu utosini. Juni huinama kidogo kaskazini, Desemba kidogo kusini, lakini mchana bado huwa juu sana. Paneli iliyowekwa kwa mteremko mdogo, digrii 10 hadi 15, hupata karibu jua lile lile la mwaka mzima, iwe inatazama kaskazini au kusini.

Usiilaze kabisa, hata hivyo. Mteremko huo mdogo ndio unaofanya mvua ioshe vumbi na kinyesi cha ndege.

Kama una chaguo kati ya mashariki na magharibi, chagua mashariki. Kila mtu wa huku anajua hali yetu ya hewa: asubuhi jua, alasiri mawingu yanajikusanya na mvua inashuka. Upande wa mashariki unakusanya umeme kabla ya mawingu kufika. Kama paa ni la mwinuko mkali, mwambie fundi aweke fremu ya kuinua upande wa chini wa paneli, ili isitazame upande mmoja sana.

Adui mkubwa ni kivuli

Ndani ya paneli kuna seli nyingi zilizounganishwa kwa msururu. Kivuli kikianguka kwenye seli chache, zinazuia na zile zingine, kama mpira wa maji uliokanyagwa mahali pamoja. Tawi moja la mparachichi juu ya kona ya paneli linaweza kukupunguzia umeme kuliko siku yenye mawingu mepesi.

Pima hivi. Chagua siku ya jua, panda ngazi au simama mahali unapoona paa vizuri, na uangalie mara tatu: saa nne asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni. Tunasema saa saba kwa sababu huku kwetu jua halifiki juu kabisa saa sita kamili, bali kati ya saa sita na nusu na saa saba. Kila mara piga picha kwa simu. Jioni ziangalie picha zote tatu. Sehemu ya paa ambayo haina kivuli saa nne na saa saba ndiyo sehemu yako. Kivuli cha saa kumi kinaweza kuvumilika.

Kadiria miti pia. Mti unaozidi paneli kwa urefu wa mita 10 hutupa kivuli cha karibu mita 8 saa nne asubuhi, na karibu mita 12 saa kumi. Mchana, hata Juni, kivuli hicho hakizidi mita 5 hivi. Lakini kwa kuwa mawingu yetu huja alasiri, mti ulio magharibi mwa nyumba hauna madhara makubwa kama ulio mashariki. Na kumbuka mkaratusi hukua upesi: usiokufikia leo utakufikia kabla hujamaliza kulipa. Kama ni wa jirani, zungumzeni kuhusu kupogoa matawi sasa, kabla ya paneli kupanda juu.

Wanaoishi bondeni, au chini ya mwinuko kama ule wa Manga, waangalie pia mlima wenyewe. Kutegemea uko upande gani, jua linaweza kuchelewa kukufikia au kukuacha mapema. Mti unaweza kupogolewa, mlima hauwezi.

Je, paa litabeba?

Paneli ndogo za taa na simu ni nyepesi, hizo hazina shida. Paneli ya wati 100 ina kilo 6 hadi 8 hivi. Zile kubwa za wati 400 zinazidi kilo 20 kila moja, tena upepo huzivuta kwenda juu. Mabati peke yake hayabebi mzigo huo. Skrubu lazima ziingie kwenye mbao za paa.

Gusa mbao kwa ndani. Zikiwa zimeliwa na mchwa au zinamomonyoka ukizikwangua kwa kisu, rekebisha kwanza. Mabati yenye kutu pia yabadilishwe kwanza, angalau pale paneli itakapokaa. Hakuna hasara inayouma kama kulipa fundi ashushe paneli mwaka ujao ili ubadilishe mabati ambayo ulijua yamechoka.

Tundu la skrubu lipitie juu ya mgongo wa bati, kamwe si kwenye mfereji ambapo maji hupita, na liwe na raba ya kuzuia maji. Kwa mvua yetu, tundu moja baya linaharibu dari nzima.

Paa likikataa, boma halijakataa

Paneli si lazima ikae juu ya nyumba kubwa. Jiko, zizi la ng'ombe, kibanda cha kuku, vyote vinaweza kubeba paneli kama vina jua na mbao imara. Mlingoti wa chuma uliosimikwa kwa zege pia unafaa, ukiwa karibu na nyumba na paneli imefungwa kwa bolti ambazo mwizi hatafungua kwa haraka. Paa la nyasi tuliache. Hapo mlingoti ndio jibu.

Angalia tu waya. Kwa mfumo wa volti 12, waya mrefu na mwembamba hula umeme njiani. Tuchukue paneli ya wati 100 iliyo mita 20 kutoka kwa betri. Waya wa milimita mraba 1.5 unapoteza karibu asilimia 14 ya umeme. Wa milimita mraba 4 unapoteza karibu asilimia 5. Tofauti ya bei ya waya unailipa mara moja, lakini umeme uliopotea unaukosa kila siku.

Na radi? Milima yetu inaijua vizuri. Mwambie fundi aunganishe fremu ya paneli na chuma cha ardhini, na ngurumo zikikaribia uchomoe TV. Ukiwa na mfumo wa kufungwa kwenye nyumba, uliza kama fundi ana leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi. Kanuni za sola zinadai hivyo. Fundi wa kweli hatakasirika ukimwomba akuonyeshe.

Hesabu ya nyumba moja

Taa 4 za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 100. Simu tatu, 30. Redio ya wati 5 kwa saa 6, 30. TV ndogo ya wati 20 kwa saa 4, 80. Jumla ni wati-saa 240 kwa siku.

Tuseme paa lako linapata saa 4 za jua kali, na karibu theluthi moja ya umeme inapotea kwa joto, waya na betri. Kila wati ya paneli itakupa wati-saa 2.8 hivi. Gawanya 240 kwa 2.8, unapata wati 86. Paneli ya wati 100 inatosha.

Sasa weka kivuli kinachokula nusu ya jua hilo. Paneli ile ile inakupa wati-saa 140: taa, simu na redio haziwezi hata kumaliza usiku wao pamoja, na TV usahau. Lakini malipo ni yale yale.

Kabla ya kubonyeza PIN

Kwanza, jumlisha bei yote. Kwa mfano, malipo ya kwanza ya shilingi 3,000 na shilingi 50 kila siku kwa siku 500 ni shilingi 28,000. Linganisha na pesa unazotumia sasa kwa mafuta ya taa, mishumaa na kuchaji simu sokoni.

Pili, uliza maswali haya na ujibiwe kwa maandishi: nikikosa siku kumi wakati wa mvua, deni linasonga mbele au kuna adhabu? Betri ikifa kabla sijamaliza kulipa, nani anaibadilisha? Mkija mkute paa halifai, narudishiwa malipo ya kwanza?

Tatu, lipa kwa nambari ya biashara ya kampuni, si kwa nambari binafsi ya mtu aliyekuja na pikipiki. Soma jina linaloonekana kwenye skrini kabla ya kuweka PIN, na uhifadhi kila ujumbe wa malipo. PIN usimpe mtu yeyote, hata akisema anakusaidia kuwasha mfumo.

Uamuzi

Kama una sehemu isiyo na kivuli saa nne na saa saba, mbao imara na mabati mazima, endelea, hata paa likiwa na miteremko minne au mitano. Kama jua lipo lakini paa ni bovu, tumia mlingoti, jiko au zizi, ama weka akiba ya mabati kwanza. Kama kivuli hakiondoki popote bomani, chukua mfumo mdogo wa taa na simu wenye paneli unayoweza kuhamisha mwenyewe kufuata jua.

Mpangaji naye azungumze na mwenye nyumba kabla ya skrubu ya kwanza, na achague mfumo ambao atahama nao.

Chukua simu kesho saa nne na upige ile picha ya kwanza ya paa.