Pavel Pardo: Kiungo aliyekwenda Ulaya wakati wenzake wakirejea

WACHEZAJI wengi wa Amerika ya Kusini na ya Kati wanapofikisha umri wa miaka 30 huanza kufikiria kurejea nyumbani kutoka Ulaya. Kiungo wa zamani wa Mexico, Pavel Pardo, alifanya kinyume chake. Katika umri huo ndipo alipokwenda, na mwaka mmoja baadaye alikuwa bingwa wa Ujerumani.

Pardo alizaliwa Julai 26, 1976 katika jiji la Guadalajara na kukulia kisoka katika klabu ya Atlas. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kocha Marcelo Bielsa kutoka Argentina alikuwa akiifanyia kazi klabu hiyo ya kusaka na kulea vipaji. Kutoka hapo walichomoza pia kipa Osvaldo Sanchez na Rafael Marquez, ambaye baadaye alitamba na Barcelona.

Baada ya Atlas, Pardo alichezea Tecos, klabu nyingine ya jiji hilo, kabla ya kuhamia America ya Mexico City. Akiwa na America alitwaa ubingwa wa nchi mwaka 2002 na 2005, na mwaka 2006 akanyakua Kombe la Mabingwa wa CONCACAF.

Hakuwa kiungo wa mbwembwe. Kazi yake ilikuwa kukaba mbele ya mabeki, kuusambaza mpira bila haraka na kupiga kona na mipira ya adhabu. Alipohitajika, alicheza pia beki wa kulia.

Swali ambalo wengi walijiuliza ni kwa nini alichelewa kutoka. Jibu lipo katika uchumi wa soka la Mexico. Klabu kubwa za huko huwalipa wachezaji wake vizuri na hazina shida ya kuwauza kama zilivyo za Brazil au Argentina. Mchezaji wa Mexico anayekwenda Ulaya mara nyingi huacha maisha ya uhakika kwenda kuanza upya, na bei anayotajiwa mnunuzi huwa kubwa. Ndiyo maana wengi hubaki.

Kilichomfungulia Pardo mlango ni Fainali za Kombe la Dunia za mwaka 2006 nchini Ujerumani. Alikuwamo katika kikosi cha mwaka 1998, akaachwa mwaka 2002, kisha akarejea kama mhimili wa kiungo. Katika mechi ya hatua ya 16 bora dhidi ya Argentina mjini Leipzig, mpira wake wa adhabu ndio uliozaa bao la Marquez dakika ya sita. Hata hivyo, aliumia na kutolewa kabla ya mapumziko, na Mexico ikalala 2-1 katika muda wa nyongeza.

Majira hayohayo ya kiangazi, VfB Stuttgart ilimsajili pamoja na beki Ricardo Osorio wa Cruz Azul. Klabu hiyo ilikuwa imemaliza ligi katika nafasi ya tisa, na ilianza msimu mpya kwa kuchapwa 3-0 nyumbani na Nuremberg.

Kocha Armin Veh alikuwa na damu changa, wakiwamo Mario Gomez na Sami Khedira. Alichokosa ni mtu mzima wa kuituliza timu katikati, na Pardo akawa mtu huyo. Stuttgart ilishinda mechi zake nane za mwisho na kuipiku Schalke ikiwa imebaki mechi moja.

Mei 19, 2007, siku ya mwisho, ilitanguliwa kwa bao na Energie Cottbus. Pardo akapiga kona iliyomkuta Thomas Hitzlsperger nje ya eneo la hatari, naye akaiunganisha moja kwa moja hadi wavuni. Khedira akafunga la pili kwa kichwa. Stuttgart ikatwaa ubingwa kwa pointi 70, mbili zaidi ya Schalke.

Wiki moja baadaye ndoto ya mataji mawili iliyeyuka. Katika fainali ya Kombe la Ujerumani, Pardo alisawazisha kwa penalti huku timu yake ikiwa na wachezaji 10, lakini Nuremberg ikashinda 3-2 katika muda wa nyongeza. Msimu uliofuata, Stuttgart ilishika mkia katika kundi lake la Ligi ya Mabingwa.

Mwaka 2009 alirejea America, kisha akamalizia Chicago Fire ya Marekani, alikotundika daluga mwaka 2012. Ameiacha Mexico akiwa ameichezea zaidi ya mechi 140, zikiwamo za kampeni ya Kombe la Mabara la mwaka 1999, ambako Brazil ilifungwa 4-3 katika fainali.

Idadi hiyo ya mechi inaeleza uvumilivu wake. Lakini ni msimu ule mmoja wa Stuttgart, alioupata akiwa na umri ambao wengi huanza kufunga virago, unaomtofautisha na viungo wengine wa kizazi chake waliobaki nyumbani.