Duka la kitu kimoja: somo nililopata Birere

Leo siandiki juu ya kazi za ONG wala juu ya CV. Nataka tuongee juu ya maduka madogo ya Goma, yale yenye kuuzisha kitu kimoja tu. Tunapita mbele yao kila siku tukijiuliza: huyu mama anaishi namna gani na fromaji peke yake? Mimi pia nilikuwa nacheka, mpaka ile siku vitunguu vilinifunza adabu.

Ilikuwa hivi. Mama alinikopesha pesa yake ya likelemba ili nipande vitunguu ku shamba yake ya Kibati. Nilinunua mbegu mu butiki moja kubwa yenye kuuzisha yote: sabuni, mafuta, misumari, na mbegu ndani ya kopo wazi, chini ya mabati yenye kuchoma. Sikuuliza kitu. Si niko agronome? Nikamwaga mbegu ku kitalu, nikamwangilia, nikangoja. Kisha wiki mbili: hapa moja, pale moja. Pesa ya mama ikaenda, na msimu pia.

Njo nikaenda Birere kutafuta mtu mwenye kuuzisha mbegu tu. Nilimupata papa mmoja mwenye duka pana kama mlango. Mbele ya kunipatia mbegu, aliniuliza shamba iko wapi na nitapanda lini. Kisha akanionyesha kitambaa chenye maji, kimekunjwa. Ndani: mbegu 100, amezihesabu. Baada ya siku chache anafungua, anahesabu zenye kuota. Zikiota 85, anakuambia 85 kwa mia. Zikiota 40, hauzishi, ao anakuambia ukweli ili uongeze kipimo.

Nilisikia haya. Hiyo njia tuliisoma sote, na nilipata pointi nzuri ku egzame. Lakini ku shamba ya mama sikuifanya.

Papa aliniambia: "Mwanangu, maharage inakungojea, kitunguu haikungojei." Iko sawa kabisa. Mbegu iko na uhai. Inapumua pole pole na kula akiba yake. Joto na unyevu vinaharakisha ile kazi. Kitunguu ni kati ya mbegu zenye kufa haraka: mwaka moja ao mbili, nguvu inaisha, na ndani ya kopo wazi chini ya mabati inaisha mbele. Kwa hiyo papa ananunua kidogo kidogo, anafunga vizuri, anaweka pa baridi, anaandika tarehe. Mwenye kuuzisha vitu mia hana wakati wa hiyo.

Toka ile siku nikaanza kuingia mu maduka mengine ya namna hii. Kwa mama wa fromaji nilielewa jiografia yetu. Masisi iko juu, kuko baridi na majani mazuri ya ngombe. Lakini barabara ya kushuka kupitia Sake ni mbaya, na maziwa haivumilii safari. Inahitaji karibu litre 10 za maziwa kupata kilo 1 ya fromaji. Mfugaji anaacha maji nyuma, analeta mjini kitu chenye kukaa wiki nyingi. Yule mama anageuza kila duara, anaipangusa, anaigonga kwa kidole na kusikiliza kama kuko shimo ndani. Barabara ikifungwa, rafu zake zinabaki tupu, na wewe unajua habari ya Masisi mbele ya redio.

Kwa fundi wa chukudu ni vile vile. Mbao ngumu, magurudumu ya mbao yaliyovikwa mpira wa gari ya zamani, na kipande cha sapata pa kuweka goti. Kabla ya kukata mbao anauliza: utabeba nini, na ku mlima gani? Mwenye kubeba makala na mwenye kubeba viazi hawapati chukudu moja.

Basi, haya maduka yanaishi namna gani? Naona sababu tatu. Kwanza, bidhaa inazunguka haraka, haizeeki ku rafu. Pili, mwenye duka anakuuliza maswali, na yale maswali ni nusu ya kile unalipa. Tatu, hana pa kukimbilia: mbegu zake zikikataa kuota, hatalipa nyumba na sabuni. Jina lake njo dhamana.

Mimi sasa, kila siku ya posho, ninamusaidia papa kufanya vipimo na kuandika daftari. Ananipa kidogo, na ile kidogo inarudia mama. Nilimwambia ukweli: haikuwa mvua, haikuwa udongo, ilikuwa mimi. Akasema tu, "Basi rudisha, na ujifunze."

Wenye lisansi wenzangu, tukingoja mkataba, hebu tuingie mu yale maduka madogo. Na kama unanunua mbegu wiki hii, usilete kiburi changu: omba 100, chukua kitambaa, tia maji, hesabu. Itakula siku chache tu. Mimi ilinikula msimu muzima.