Bei ya kimo: soko la vipaji vya kikapu likitazamwa kutoka Pasiansi

Pasiansi, kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege wa Mwanza, kuna kijiwe ambacho drafti mbili huchezwa kwa pamoja. Ya kwanza ni ya ubaoni, ya visoda. Ya pili haina ubao. Ni drafti ya NBA, ile ya kila mwisho wa Juni ambapo timu za Marekani huchagua kwa zamu vijana wapya wapatao 60. Kwa saa za kwetu huangukia usiku mkubwa, hivyo asubuhi yake vijana hufika na macho mekundu, simu mkononi, na ubishi huanza kabla chai haijachemka. Timu yetu imemchukua nani? Yule imemwachaje?

Na mwaka wowote ubishi uanzie wapi, huishia kwa Hasheem Thabeet.

Juni 2009 Memphis Grizzlies walishika nafasi ya pili. Wakamchukua Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyepitia Sekondari ya Makongo kabla ya kuvuka bahari, mwenye urefu wa mita 2.21. Nyuma yake walibaki James Harden aliyekwenda wa tatu, Stephen Curry wa saba na DeMar DeRozan wa tisa. Hapo kijiwe hugawanyika. Dereva bodaboda mmoja, shabiki wa Golden State, husema Memphis walikanyaga dhahabu wakaokota kokoto. Fundi wa kuchomelea mageti humjibu kwamba timu ilikuwa na Mike Conley, O.J. Mayo na Rudy Gay. Ya nini kuongeza mpigaji mwingine wa pembeni wakati chini ya goli hakuna ukuta?

Mimi nipo na fundi, ila si kwa yote. Msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut, Thabeet alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kila mechi. Kwa taarifa za siku ile, kumchagua hakukuwa ujinga. Lakini hoja ya pengo la timu nayo ina shimo lake: Marc Gasol alikwisha kuwapo pale katikati, na mwenye namba hakuiachia. Thabeet alicheza mechi 68 msimu wa kwanza kwa wastani wa pointi 3.1, akapelekwa kwa muda ligi ya chini kwa Dakota Wizards, na Februari 2011 akahamishiwa Houston. Kijana anayejifunza anahitaji dakika za kukosea uwanjani, naye hakuzipata. Wanaomcheka leo husahau pia kwamba hakuna Mtanzania aliyemtangulia kuingia ligi ile.

Biashara ya namna hii Mwanza tunaielewa vizuri kuliko tunavyodhani. Bondo la sangara hulipwa kwa ukubwa wake: kilo ya makubwa na kilo ya madogo ni bei mbili zisizofanana kabisa. Mnunuzi analipia uadimu. Kimo nacho ni hivyohivyo. Kocha anaweza kumfundisha mtoto kudunda mpira, kupasi na kusoma mchezo, ila hawezi kumwongezea sentimita hata moja, na ndiyo maana timu hubahatisha kwa mrefu asiyeiva kuliko kwa mfupi aliyeiva.

Kuna tofauti moja, na ndiyo inayonisumbua. Mvuvi hulipwa mwaloni, samaki akiwa bado mbichi. Katika drafti, aliyemlea kijana hapati kitu.

Tazama pesa zinavyopita. Drafti haina ada ya usajili. Haki ya kumchagua kijana hutolewa bure, timu dhaifu zikitangulizwa ili ligi isiwe ya wakubwa peke yao. Mshahara wa aliyechaguliwa raundi ya kwanza hufuata jedwali lililokwisha kupangwa: nafasi ya pili mwaka 2009 ilileta zaidi ya dola milioni 4 kwa msimu wa kwanza, na nafasi ya 10 mwaka 2025 ilileta takriban milioni 6. Wakala huchukua fungu lisilozidi asilimia 4. Vyuo navyo vimebadilika. Enzi za Thabeet mchezaji wa chuo alipata masomo na malazi tu. Tangu 2021 anaruhusiwa kuvuna kwa jina na sura yake, na tangu 2025 chuo chenyewe kinaweza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, kikomo cha mwaka wa kwanza kikiwa takriban dola milioni 20.5. Mnyororo wa wanaolipwa umerefuka, ila kila pete iliyoongezwa imeongezwa kule.

Soka ilitatua hili zamani. Mchezaji akinunuliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, sheria ya FIFA hutenga asilimia 5 ya ada kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23, zikigawana kwa miaka ambayo kila moja ilikaa naye. Sasa chukua asilimia 5 ya ada ambayo haipo. Uwanja wa mtaani uliotia ubao na ringi ya nondo kwa michango ya wazazi hauna pa kudai.

Majirani zetu wanatuonyesha kwamba soko halilali. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma, Bismack Biyombo Lubumbashi, miji ambayo Kiswahili ndicho lugha ya sokoni. Biyombo alichaguliwa wa saba mwaka 2011. Kuminga naye wa saba, mwaka 2021, na Golden State, timu ileile iliyomchukua Curry katika namba hiyohiyo; msimu wake wa kwanza ukaisha na ubingwa. Khaman Maluach, mtoto wa Sudan Kusini aliyekulia Kampala, ng'ambo tu ya ziwa letu, alipitia akademia ya NBA iliyoko Saly, Senegal, akachezea City Oilers ya Kampala katika Ligi ya Kikapu ya Afrika, akaenda Chuo Kikuu cha Duke, na mwaka 2025 akachaguliwa wa 10.

Mlango umesogea karibu. Ligi hiyo ya Afrika ilianza Kigali mwaka 2021, na Kigali ni basi tu kutoka Mwanza kupitia Rusumo. Watafutaji vipaji hawahitaji tena kungoja mtoto afike Marekani.

Najua pingamizi. Jasho ni la kijana, na ukianza kumwekea bei ya malezi unafungua njia kwa wajanja wanaowasainisha wazazi karatasi wasizozielewa. Ni hofu ya kweli. Kwa hiyo fungu hilo lisikatwe kwenye mshahara wake. Litoke kwenye ligi inayovuna, lipitie mashirikisho, liende kwa shule au klabu ya kwanza kwa kiasi kilichoandikwa wazi. Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania lina haki ya kulisema hili FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, likisaidiana na Uganda, Kongo na Sudan Kusini, ambao wanaumwa palepale tunapoumwa sisi.

Ila madai yanahitaji ushahidi, na soka hulipa kwa sababu kila mwaka wa mchezaji umeandikwa mahali. Kwetu mtoto hung'ara UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, akapigwa picha, na mwaka unaofuata hakuna anayeweza kuthibitisha nani alimfundisha.

Jioni moja nilimkuta kocha wa watoto, anayefundisha bila malipo baada ya kazi zake, akiwapanga vijana kwenye ukuta ulioandikwa alama za chaki. Kila aliyepimwa alivua viatu kwanza. Kocha alikuwa na kaunta buku lenye jalada lililolowa jasho, mistari imechorwa kwa rula: jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, siku aliyoanza mazoezi, kimo. Mvulana wa miaka 14 alisimama, akanyoosha shingo, akaambiwa aishushe. Sentimita 191. Kocha akageuza kurasa hadi Januari, akaangalia, akaandika namba mpya chini ya ile ya zamani, kisha akatia tarehe na sahihi yake.